Kusi, Bamvua na Ubao Mdogo wa Tanga

Mwezi wa sita ukiingia, pwani yetu ya kusini mwa Mombasa huwa bahari nyingine kabisa. Kaskazi ya Januari, ile ya jua kali inayoanza kujikokota baada ya adhuhuri na kukupa mwendo laini mpaka magharibi, imeshaondoka. Masika yamemwaga maji yake, na sasa ni kusi: mawingu mazito yanayopanda kutoka upande wa Shimoni, maji ya kijivu, mwani uliorundikana ufukweni mpaka wafanyakazi wa hoteli wanaukokota kwa reki kila asubuhi. Na upepo. Kwa sisi tunaocheza windsafingi, mchezo wa kuteleza baharini juu ya ubao wenye tanga, huu ni msimu ambao ubao uliokuwa mtamu Januari unaanza kukurusha.

Ni wakati huo pia napata swali lile lile kwenye simu, leo kutoka Diani, kesho kutoka Nyali au Malindi. "Kaka, nataka kushuka lita. Nichukue ngapi?" Yaani anataka ubao mdogo zaidi, maana ukubwa wa ubao hutajwa kwa lita. Anayeuliza huwa ameshaona kibao fulani, chembamba, lita sabini na kitu, cha mtalii anayerudi kwao, bei ya kutupa. Anachotaka kwangu ni baraka tu. Na mimi humwambia jambo asilolipenda: upepo utakaokuchagulia ubao mdogo ni ule unaokatika, hata kama unaokusukuma kuununua ni ule unaovuma.

Tukubaliane kwanza upepo mkali ni upi. Ukishinda unatazama video za Hawaii na visiwa vya Canary, utadhani mkali ni ule wa noti 35 unaong'oa miavuli. Kwetu huo ni wa dhoruba ya kupita. Siku nzuri ya kusi Diani au Galu ni noti 18 mpaka 22, ikigusa 25 wingu likipita. Noti moja ni kilomita 1.85 kwa saa, kwa hiyo noti 22 ni kama kilomita 40 kwa saa, kiwango kile kile ambacho Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hukitaja ikitoa angalizo la upepo mkali na mawimbi ya mita mbili kwa wavuvi wa Tanga, Dar es Salaam, Unguja na Pemba. Mvuvi akilisikia hilo, ngalawa inabaki mchangani. Sisi tunafunga tanga la mita za mraba 4.7 na kujiona wajanja.

Msukumo wa upepo hauendi sambamba na kasi yake, unakwenda kwa mraba. Upepo ukitoka noti 14 kufika 22, kasi imeongezeka kwa zaidi kidogo ya nusu, lakini nguvu inayolipiga tanga lile lile imekuwa karibu mara mbili na nusu. Ndiyo maana mtu aliyekuwa anatamba saa nane mchana utamkuta saa kumi amekaa mchangani akifungua kamba, na akiulizwa anasema amechoka.

Halafu kuna maji yenyewe, na hapa pwani yetu ina tabia zake ambazo hutazisoma kwenye ushauri wa watu wa Ulaya. Mwamba umejitenga na ufukwe, mahali nusu kilomita, mahali karibu kilomita nzima. Maji yakikupwa, mwamba unayavunja mawimbi yote ya bahari kuu, na ndani panatulia hata upepo ukiwa noti 20. Yakijaa, mawimbi yanapita juu ya mwamba, yanakutana na yale yaliyofumwa na upepo, yanagonga kuta ambazo hoteli zimejengea ufukwe na kurudi, na ndani panachafuka: viwimbi vifupi, vya mwinuko mkali, vinavyotoka pande tatu.

Sasa tazama saa. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au umeandama, maji ya Mombasa hujaa mnamo saa kumi, ya alfajiri na ya jioni, na tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Saa kumi jioni ndiyo kusi imekomaa. Upepo mkubwa na maji makubwa vinafika pamoja. Wiki moja baadaye, siku za maji mafu, saa ile ile maji yamepungua, mwamba umerudi kazini, na hata ubao wako mkubwa ukiufungia tanga dogo unakwenda bila matata. Kwa hiyo anayeniambia anataka ubao wa upepo mkali, mimi humuuliza: wa bamvua au wa maji mafu? Wengi hawajawahi kutenganisha. Wanakumbuka tu kwamba kuna siku walipigwa.

Kupigwa kwenyewe ni hivi. Ubao wa kawaida wa kuanzia kukimbia, lita 120, una upana wa sentimita 74 hivi, na chini yake pezi la sentimita 42. Upana huo ndio unaokupandisha juu ya maji upepo ukiwa noti 13 za kaskazi. Siku ya kusi unatoka ufukweni, upepo uko mkono wa kulia, tanga limejaa, miguu imeingia kwenye mikanda. Kiwimbi cha kwanza kinapiga chini ya pua, pa! Cha pili kinaukuta ubao uko hewani bado, kinaupiga tumboni. Kufika cha tatu upepo umeshapenya chini, ukingo wa goshi, wa upande upepo unakotoka, umenyanyuka, goti la mbele linasukumwa kuelekea kifuani, na lile pezi refu, ambalo kadiri unavyokwenda kasi ndivyo linavyoinua, linaendelea kuinua. Ulichobaki nacho ni kuachia tanga kidogo. Ukiliachia, uzito unaondoka kwenye mguu wa mlingoti, na pua inapanda zaidi. Mapaja yanawaka moto na mwamba bado hujaufikia.

Kugeuza kwa demani, yaani upepo ukipita mgongoni, ndiko kunakoumbua. Ubao mwembamba unaukandamiza ukingo wake kwa vidole, unazama kidogo, unazunguka. Mpana wenye kingo nene, katika kasi ile na viwimbi vile, unakataa kuzama. Unadundadunda kwa ubapa, unanyooka kuelekea ulikokuwa unakwenda, na wewe ambaye mwili umeshaugeuza unakwenda upande wako peke yako.

Hata hivyo, kabla hujatoa hata shilingi, maliza mambo ya bure. Vuta kamba ya chini ya tanga mpaka sehemu ya juu ya ukingo wa nyuma ilegee na kupepea. Wengi wetu tunavuta nusu kwa sababu mikono inauma. Sogeza mguu wa mlingoti mbele kwa sentimita mbili tatu. Teremsha bumu, ile fimbo ya kushikia, kidogo tu. Toa pezi la 42, weka la 34. Mtu wa kilo 95 akiyafanya hayo anaweza kugundua kwamba ubao mpya hauhitaji mpaka noti 22, na pesa yake ikaenda kwenye tanga la 5.3 ambalo alilihitaji zaidi. Mtu wa kilo 60 atapata nafuu kidogo, kisha atarudi kunitumia ujumbe.

Haya, tuseme umeshavuta kamba na bado unarushwa. Unataka ubao mdogo. Mdogo kwa nini?

Kila mtu anakimbilia lita, kwa sababu ndiyo namba iliyoandikwa kubwa kwenye ubao. Lita ni kiasi cha maji ambacho ubao ungeyasukuma ukizamishwa wote. Lita moja inabeba kilo moja, na maji ya chumvi yanaongezea asilimia mbili na nusu hivi. Chukua mwili wangu: kilo 78. Ubao wenyewe 7. Tanga, mlingoti na bumu kama 8. Hanesi, ule mkanda wa kiunoni wa kujishikiza kwenye bumu, na nguo zilizolowa 2. Jumla 95. Ubao wa lita 92 baharini unabeba karibu kilo 94. Maana yake upepo ukifa nikiwa nimesimama, ubao unazama mpaka vifundo vya miguu vinalowa, unayumba, unanisumbua, lakini upo chini ya nyayo zangu. Nikipiga magoti unatulia. Kwa subira naweza kulivuta tanga kwa kamba nikalisimamisha.

Ubao wa lita 72 unabeba kilo 74. Kilo 21 zimebaki hazina mbebaji. Nikisimama juu yake, wote unakwenda chini mpaka maji yanapita magoti, na habari ya kuvuta tanga kwa kamba inaishia hapo. Njia ni moja: kulala majini, kulinyanyua tanga mpaka upepo uingie chini yake, miguu juu ya ubao, na kungoja likuinue. Ni ujuzi mzuri, na asiyeujua asiguse ubao ulio chini ya uzito wake, hilo halina mjadala. Lakini hata anayeujua vizuri anahitaji upepo wa kumuinua.

Ubao ukishaanza kuteleza, lita hazina kazi tena. Kinachokubeba ni kasi, pamoja na kipande kidogo cha tumbo karibu na mkia kinachogusa maji. Hapo upana ndio unaotawala, hasa upana wa mkia, ule ambao watengenezaji huupima sentimita 30 kutoka nyuma. Mkia mwembamba unagongwa na maji machache, unakubali pezi fupi, na mikanda ya miguu inakaa karibu na katikati, kwa hiyo kiwimbi kikiinua upande mmoja, mguu wako hauna umbali wa kurushwa. Kwa kifupi, lita ni za kusimama na upana ni wa kukimbia. Ukiielewa hiyo, unaacha kuuliza "lita ngapi" na unaanza kutafuta ubao ambao umepungua upana kwa kiasi kikubwa na lita kwa kiasi kidogo. Mbao za namna hiyo zipo tele. Ni zile zinazouzwa kama za kuchanganya, nusu za mawimbi nusu za kukimbia, sentimita 58 mpaka 62 kwa upana, lita 85 mpaka 100.

Nirudi sasa kwenye upepo unaokatika, maana ndio ulionifanya niandike.

Kusi haivumi kwa mstari mmoja. Wingu jeusi likijitokeza juu ya bahari, mbele yake upepo unapanda, noti 25, pengine 28, maji yanageuka meupe, mvua inafika na kukuchoma usoni. Unafurahi kupita kiasi. Kisha wingu linapita kuelekea Tiwi, na nyuma yake hakuna kitu. Noti 8, noti 5, dakika kumi, pengine nusu saa, mpaka upepo ujipange upya. Na wewe uko wapi? Uko kule nje karibu na mwamba, kwa sababu ndiko ulikokuwa unakimbilia. Saa kumi imepita, bamvua imeanza kukupwa, na maji yote yaliyokuwa ndani ya mwamba yanatafuta pa kutokea. Yanatokea mlangoni, pale mwamba ulipoacha pengo. Mkondo wa mlango siku ya bamvua hashindani nao mtu anayeogelea huku anakokota tanga lililolowa.

Mwenye ubao unaombeba anasimama, anayumba, analishika tanga dogo mbali na mwili, anapepea, anasogea kwa mwendo wa kobe kuelekea nchi kavu. Anafika amechelewa, amefika kando ya alipotokea, anatembea na ubao kichwani mpaka kwenye mnazi alioacha kandambili zake. Aliye kwenye lita 72 na kilo zake 78 yuko majini mpaka kifuani, ameukumbatia ubao, anatazama paa za makuti zikihama taratibu kushoto kwake. Wahenga walisema mwanamaji wa Kwale kufa maji mazoea. Mimi nakaa Kwale na sioni haja ya kusaidia methali ipate ushahidi mpya.

Kwa hiyo hesabu yangu kwa maji yetu ni hii: ubao mdogo uzidi uzito wako kwa lita 10 mpaka 15. Kilo 60, tafuta kati ya lita 70 na 75. Kilo 78, kati ya 88 na 93. Kilo 90, usione haya kukaa kwenye 100 na zaidi hata kama vijana wanakuita mzee wa meli. Wanaocheza Dahab kule Misri, ambako upepo wa kaskazini hushika siku nzima, au Cape Town kiangazi upepo wa kusini-mashariki ukipiga, watanicheka. Wao hushuka chini ya uzito wao na wanarudi nyumbani salama. Upepo wao unakaa. Isitoshe, kwingi kwao kuna boti ya uokoaji inayokuja ukiinua mkono. Hapa kwetu ukiinua mkono, mtu wa ufukweni anakupungia na yeye.

Kuna sababu nyingine ya kutoshuka mno, ya kawaida zaidi. Ukiwa na lita 120 na 72, katikati yake kuna shimo, na humo shimoni ndimo zinamodondokea noti 16 mpaka 19, ambazo ndizo nyingi za mwaka wetu. Kwa 120 utarushwa, kwa 72 utazama. Utakuwa na mbao mbili na siku nzuri za kukaa nyumbani.

Mara moja tu nitoke nje ya pwani yetu. Mwaka 2015 Mfaransa Antoine Albeau alikimbia noti 53.27 huko Lüderitz, Namibia, juu ya ubao mwembamba sana. Picha zake zimewachanganya wengi: upepo wa kutisha, kibao kidogo, basi upepo mkali ni kibao kidogo. Angalia maji kwenye picha hizo. Ni mfereji uliochimbwa makusudi, ukingo wake uko karibu mno na upepo unatoka nchi kavu, hivyo viwimbi havipati nafasi ya kuzaliwa. Hakuna aliyetuchimbia mfereji Galu.

Tumbo la ubao. Hili watu hawalitazami kabisa, nami ndilo naliangalia kwanza nikishapata lita na upana vinavyofaa. Ulaze ubao chali, tumbo juu, kwenye mchanga laini. Weka rula ndefu ya seremala kuanzia mkiani kwenda mbele, kisha chuchumaa uangalie mwanga unapita wapi. Ubao wa mbio utalalia rula mkono mzima na zaidi bila mwanga kupita. Unapanda haraka, unakimbia sana, na kila kiwimbi utakisikia kwenye meno. Ubao wa mawimbi unaachia mwanga mapema mbele na nyuma, umejikunja. Huo unapita juu ya vurugu bila kelele, lakini unataka upepo zaidi kuanza kuteleza, na ukiukosa unalima maji. Kwa ndani ya mwamba wetu nataka mnyooko wa wastani mkiani na pua iliyoinuka vya kutosha isichimbe kiwimbi cha mbele unaposhuka kurudi ufukweni. Halafu geuza rula iwe ya kukata ubao kwa upana. Katikati pakiwa pamechomoza na pande zote zinateremka, una V. Hiyo V ndiyo inayopasua kiwimbi badala ya kukipiga kofi. Ubao wa lita 95 wenye V nzuri utakuwa mpole kuliko wa lita 85 uliokaa bapa, na nimewaona watu wakilipa ziada kwa ule wa 85.

Kingo zisiwe nene na za mraba. Zikiwa nyembamba na za mviringo ndipo ubao unakubali kuegemea ukigeuza. Hapo sina la kuongeza, kidole gumba chako kitakwambia.

Mapezi ni shida yake. Mbao nyingi mpya za aina hii huja na nafasi ya mapezi matatu, moja la kati na mawili madogo kando. Matatu yanashika vizuri ukigeuza juu ya wimbi, na kwa kuwa ni mafupi, maji yakipungua hayagusi mwamba wala wale wadudu wa miiba mirefu myeusi. Lakini mapezi matatu ni mitego mitatu ya mwani, na kusi ndiyo msimu wa mwani. Unakimbia, ghafla kama mtu amekushika mkia, ubao unapunguza, unatupwa mbele. Mimi huziba nafasi mbili za kando na kutumia pezi moja lililolala kwenda nyuma ili mwani uteleze na kutoka. Kasi inapungua kidogo kwenda goshi. Sawa tu. Wenzetu wa Paje, Unguja, mbali na mwani unaoelea wana mashamba ya mwani yenyewe, kamba na vijiti, na hizo ni mali ya akina mama wanaotegemea kazi hiyo. Huko pezi fupi ni heshima kwanza, starehe baadaye.

Ubao wenyewe unapatikana vipi? Mpya, Ulaya, unapita euro 2,000 kwa urahisi, kabla ya nauli ya ndege na ushuru. Kwa hiyo tunanunua mtumba: wa watalii wanaoacha vitu, wa wazungu wakazi wanaohama, wa hoteli zilizofunga vituo vyao vya michezo ya maji baada ya kaiti, ule mchezo wa ubao unaovutwa na tiara, kuteka ufukwe. Kwenye stoo za hoteli hizo utakuta historia nzima. Ubao wa kwanza wa Hoyle Schweitzer na Jim Drake, walioomba hataza Marekani mwaka 1968, ulikuwa na urefu wa mita 3.65, na Robby Naish alitwaa ubingwa wa dunia mwaka 1976 akiwa na miaka 13 kwenye ubao wa aina hiyo. Baadaye Hawaii wakaufupisha na kuuwekea mikanda ya miguu ili usiwatupe kwenye mawimbi. Mbao za miaka ya 1980 na 1990 ni ndefu na nyembamba; mwishoni mwa miaka ya 1990 zikaanza kuwa fupi na pana. Hizo nyembamba za zamani ni za bei rahisi na zinapita vizuri kwenye viwimbi, ila zinachelewa kuanza kuteleza na zinataka mguu uliotulia. Kijana asiye na pesa na mwenye muda, nitamwambia achukue. Mwenye kazi ya ofisi na Jumamosi moja, hapana.

Ukienda kuuangalia, nenda na mizani ya bafuni na usiwe na haraka, hata muuzaji akuambie kuna Mtaliano anakuja jioni. Muuzaji wangu aliniambia hivyo. Bonyeza kwa kidole gumba pale visigino vinapokaa, katikati ya mikanda. Pakibonyea na kurudi, ngozi ya juu imeachana na povu la ndani. Kisha gonga kwa kifundo cha kidole kutoka pua mpaka mkia, polepole, ukisikiliza. Ubao mzima unaita kavu, tak, tak, tak. Ukifika palipooza sauti inakuwa bubu, na huhitaji fundi kukuambia. Pima uzito: wa kilo 7 ukisoma kilo 9 na nusu, umekunywa maji. Tazama kisanduku cha pezi kwa ndani, nyufa ndogo za nywele huanzia pembeni. Tazama pua, maana kila aliyewahi kutupwa mbele amepiga mlingoti hapo. Na tafuta ile skrubu ndogo ya kutolea hewa karibu na mguu wa mlingoti. Hulegezwa ubao ukipanda ndege na hukazwa kabla ya kuingia majini. Ukiikuta haipo, jua bahari imeshaingia.

Ukikuta ufa na bei imeshuka, usikate tamaa, lakini usimpelekee tu fundi wa boti za faiba ukaenda zako. Resini ya poliesta wanayotumia kwenye boti inaliyeyusha povu la ndani ya ubao. Mwambie epoksi, simama hapo hapo, mwone akichanganya. Na ukishaumiliki, usiuache juani. Hewa ya ndani inatanuka, ngozi inanyanyuka, na ubao mzima wa jana unakuwa na kijipu leo.

Wangu ni lita 92, urefu sentimita 233, upana 61, mnyooko wa wastani, V inayoonekana kwa macho bila rula. Niliuvusha feri ya Likoni nikiwa nimeubeba kichwani, kila mtu akiuliza kama ni jeneza la mtoto au meza. Tanga la 5.3 linaufaa, la 4.7 linaufaa zaidi, la 6.5 halina adabu juu yake. Siku ya bamvua yenye noti 22, tofauti na ule wa 120 naisikia kwenye goti la mbele: kiwimbi kinakuja, kinapita chini, mguu unapanda kidogo na kushuka, na mikono haina habari. Kugeuza ndiko kulikobadilika zaidi, kwa sababu ukingo unazama ninapoukandamiza. Upepo ukikatika nasimama maji ya vifundo nikilaani mawingu. Dada mmoja tunayecheza naye Galu, kilo 57, ana lita 70 na anasema nisimpe tena ushauri, anatosheka. Rafiki yetu wa kilo 96 bado yuko kwenye 120 yake, kamba ameivuta, pezi amebadilisha, na siku za noti 20 bado ananipita.

Kwangu limebaki pezi. Lililokuja na ubao ni la sentimita 28, na tanga la 4.7 likikaa linainua kuliko ninavyopenda. Kuna mtu Watamu anauza la 24 lililolala nyuma, ila anataka kuliuza pamoja na mlingoti ambao siuhitaji. Bado tunavutana.